Pa Kulala kwa Aliyesema Hapana

Babu aliniuliza mara tatu. Ilikuwa Agosti 2016, jua likishuka nyuma ya migomba, nami nimesimama uani kwake, si mbali na soko la Malakisi, magharibi mwa Kenya. Mikononi nilikuwa na chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana wa Kibukusu huzigonga kwenye bangili akizunguka kuwaalika jamaa kwenye tohara yake. Nilikuwa nimezigonga siku nne, boma hadi boma, mpaka kwa mjomba, khocha, aliyenichinjia na kunivika nyama shingoni kama mila inavyotaka. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba.

"Nani amekutuma?" babu akauliza.

"Sikutumwa na mtu, kuka."

"Baba yako amekulazimisha?"

"Hapana."

"Kisu ni kikali, na ukitikisika umetuaibisha walio hai na waliokufa. Kama moyo umekataa, sema sasa, bado mapema. Unataka?"

"Nataka."

Wazee wakaguna kwa pamoja, kama watu waliolipwa deni la zamani. Alfajiri yake nilipakwa tope mtoni, nikarudishwa nyumbani kwa njia tofauti na ile niliyoendea, nikasimama mbele ya nyumba ya babu huku macho yangu nimeyapachika juu ya paa. Sikupepesa. Nilikuwa na miaka 13, na tangu asubuhi ile hakuna mtu Malakisi aliyewahi kuniita mtoto.

Mapema mwaka 2024, nikiwa chuo kikuu, mhadhiri wa falsafa alituuliza kama kuna jambo lolote maishani mwetu tulilolitenda kwa hiari kabisa. Nilinyoosha mkono kabla ya wenzangu wote. Mimi nilikuwa na ushahidi: niliulizwa mara tatu, mbele ya mashahidi, na mara tatu nilijibu mwenyewe. Nikaeleza kwa fahari. Nilipomaliza, msichana mmoja aliyetoka pwani, ambaye kwa kawaida hasemi, akaniuliza kwa upole: "Na ungesema hapana, usiku ule ungelala wapi?"

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikuwa na la kusema. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, kama jiwe lililoingia kiatuni.

Nilisoma shule ya msingi Kitale, na huko nilifundishwa methali mbili ambazo tulizitumia kupambia insha. Ya kwanza ni "Mwacha mila ni mtumwa." Ya pili ni "Hiari yashinda utumwa." Tulizikariri zote mbili, tukapewa alama zote mbili, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba zinagombana. Moja inamwonya mtu asitoke katika lile alilozaliwa nalo. Nyingine inamsifu atendaye kwa kupenda kwake. Na zote mbili zinatishia kwa jinamizi moja: utumwa.

Waliozitunga hawakuwa wakicheza na neno hilo. Pwani ya Waswahili iliujua utumwa kwa macho. Zanzibar haukukomeshwa kisheria hadi 1897, na pwani ya Kenya hadi 1907. Mtu aliyeishi Lamu au Mombasa katika karne ya kumi na tisa hakuhitaji kuelezwa mtumwa ni nani. Ni mtu aliyeng'olewa kwao, asiye na ukoo wa kumdai wala wa kumdhamini, asiye na makaburi ya kuyaonyesha. Aliyekuwa kinyume chake aliitwa muungwana: mtu mwenye watu. Ndiyo maana uungwana ukaja kumaanisha pia adabu, namna ya kukaa na wengine. Katika lugha hii, mtu huru wa kwanza alikuwa yule aliyefungwa barabara kwa jamaa zake. Aliyefunguliwa kamba zote, akasimama peke yake sokoni, alikuwa bidhaa.

Kwa hiyo "mwacha mila ni mtumwa" si mawazo ya wazee wagumu tu. Ilisemwa na watu walioona kinachompata mtu asiye na wa kwao. Lakini wenyeji wale wale, wakiishi na watumwa nyumbani mwao, waliona pia kwamba kazi ya mtu aliyeipenda haifanani na kazi ya mtu aliyesukumwa, hata kama jembe ni moja na shamba ni moja. Ndipo wakasema ile ya pili. Nadhani hazikutungwa ili moja ishinde. Ziliachwa zikae pamoja, kama mume na mke waliokwisha kugombana mno hata wakaacha kutafuta mshindi, nasi tuishi humo nyumbani mwao.

Mimi nimeishi humo. Ndiyo yangu ya 2016 ilikuwa ya nani?

Mwaka 1983 mwanasayansi wa Marekani, Benjamin Libet, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linawasumbua wanafalsafa. Aliwaketisha watu mbele ya saa maalumu, akawaambia wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, na wakumbuke mahali ilipokuwa alama ya saa pale walipohisi kutaka kukunja. Nyaya zilizobandikwa kichwani zilipima umeme wa ubongo. Ikaonekana kwamba ubongo ulianza kujiandaa takriban thuluthi moja ya sekunde kabla ya mtu mwenyewe kutambua kwamba anataka. Wengi walikimbilia kusema: basi, hiari ni hadithi tunayojisimulia baada ya tendo kuanza.

Niliposoma hayo nilitazama vifundo vyangu. Vina makovu membamba ya bangili za chuma. Nikajiuliza ubongo wangu ulianza lini kuandaa ile "nataka". Si thuluthi ya sekunde kabla. Ulianza nilipokuwa na miaka mitano, nimebebwa mabegani usiku wa Agosti, nikiona wanaume wazima wakimlilia kijana kwa furaha. Ulianza kila mara bibi aliponiuliza, nikilia, siku ya kisu nitafanyaje. Ulianza kabla sijazaliwa. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka kama gurudumu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila moja hukaa muongo mmoja na ushei, na gurudumu huchukua karibu karne kurudi lilipoanzia. Nilipozaliwa, jina la rika langu lilikuwa limekwisha kunisubiri miaka mingi.

Libet mwenyewe, hata hivyo, hakukata tamaa kama wasomaji wake. Aliona kwamba kati ya kutambua kutaka na mkono kukunjika hubaki nafasi ndogo sana, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kuzuia. Pengine hatuchagui kinachotuanza, alisema, lakini tunaweza kukikatalia. Kwake yeye, makao ya uhuru hayakuwa katika ndiyo. Yalikuwa katika hapana.

Kenya nayo ilikuwa na mtu wake wa maswali haya. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki 1995, anajulikana zaidi kwa kuwatafuta wahenga vijijini, wanaume na wanawake wasio na digrii, na kuonyesha kwamba baadhi yao hawakuwa makabati ya kuhifadhia mila. Waliipima, waliikosoa, walikubali hili wakakataa lile. Lakini mwaka 1976 alichapisha pia kitabu kuhusu adhabu ambamo alidai kwamba mhalifu ametengenezwa na nguvu zilizomzunguka, na kwamba kumwadhibu yeye huku ukiziacha nguvu hizo ni kupiga kivuli. Ukimfuata Oruka hapo, mtu anayetenda ovu hana wa kulaumiwa peke yake. Na anayetenda jema? Na mvulana asiyepepesa jicho? Kama mwizi ametengenezwa, shujaa naye ametengenezwa, na ng'ombe niliyezawadiwa alistahili kugawanywa kijiji kizima.

Sikatai. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemsahau ndugu yangu.

Baba mdogo ana mwana tuliyelingana naye umri. Tulichunga pamoja, tuliiba maembe pamoja, na 2016 tulipaswa kusimama pamoja. Siku ya pili ya chinyimba alizivua, akaziweka chini ya ghala, akasema: "Mimi sitaki." Hakulia wala hakueleza. Aliulizwa, akarudia maneno yale yale mawili. Baba mdogo alimpiga. Wazee wakaja, wakambembeleza, wakamtisha. Usiku mama yake akampakia kwenye bodaboda, na wiki hiyo hiyo akatahiriwa hospitalini, kwa ganzi, akiwa amelala.

Mwilini tulikuwa sawa. Katika hesabu ya kijiji, yeye alibaki nyuma ya mlango. Walimwita "wa hospitali". Wimbo ulitungwa, na sitauandika hapa, maana mmoja wa waliotunga maneno yake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka tu kwenye kidonda changu, na hakuna mkatili kama mtu aliyeumia karibuni akathibitishiwa kwamba maumivu yake ni heshima. Ndugu yangu aliondoka Malakisi kabla ya Krismasi. Sasa anaishi Kitale, ni fundi wa pikipiki, na akija matangani husimama karibu na ua.

Mtu anaweza kusema kwamba hata hapana yake ilitengenezwa. Mama yake ni mlokole wa kanisa lisilopenda mambo ya jando, na shuleni alikuwa amesikia habari za vidonda na visu visivyochemshwa. Ni kweli. Hapana yake ilikuwa na wazazi kama ilivyokuwa na wazazi ndiyo yangu. Ukitafuta neno la mtu lisilo na chanzo nje yake, hutalipata Malakisi wala Uppsala alikosomea Oruka. Basi tofauti yetu haikuwa kwamba mmoja alikuwa huru na mwingine amesukumwa. Tofauti ilikuwa bei. Ndiyo yangu ililipwa ng'ombe. Hapana yake ilimgharimu kijiji.

Hapa ndipo nilipoanza kulielewa swali la yule msichana. Hakuniuliza nilikuwa nawaza nini, bali ningelala wapi.

Babu ana miaka inayokaribia 90. Ni wa rika la Nyange, na alitahiriwa Agosti 1948. Kwa muda mrefu nilidhani mwaka huo kwake ni mwaka wa kisu tu, mpaka nilipokaa naye mwaka huo wa 2024, nikiwa nimejaa maswali ya darasani, akaniambia kwamba 1948 ilikuwa na milango miwili, na ule wa kwanza ulifunguliwa Februari.

Tarehe 10 Februari 1948, hapa Malakisi, polisi wa serikali ya kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa. Watu 11 walikufa. Babu alikuwa mvulana mchungaji. Alisikia milio akadhani ni magunia ya mahindi yanapasuliwa, kwa kuwa hakuwa amewahi kusikia bunduki nyingi zikilia pamoja.

Kiongozi wa dini hiyo, Elijah Masinde, alikuwa mtu wa Maeni karibu na Kimilili. Aliwahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika Kanisa la Marafiki, akatengwa baada ya kuoa mke wa pili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilipowaandikisha watu kazi kwa nguvu na kuwaamuru wang'oe magugu mashambani, yeye alikataa. Alisema Wazungu waende kwao, ardhi ya Trans Nzoia irudi kwa wenyewe, na watu wamrudie Mungu wa babu zao na misambwa, mizimu ya mababu hao. Mwaka 1945 serikali iliamua kwamba mtu anayesema hivyo lazima awe mwendawazimu, ikamfungia katika hospitali ya Mathari, Nairobi, hadi 1947. Alipotoka aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kilima cha Webuye ambako mwaka 1895 babu zetu waliuawa wakipigana na kikosi cha Waingereza, wakatoa sadaka kwa ajili ya wafu wale. Miezi michache baadaye zikaja risasi za Malakisi. Masinde akakamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akapelekwa kizuizini Lamu.

Nikilitazama hilo kwa swali la yule msichana, naona jambo ambalo vitabu vya historia hulipita upesi. Watu hao walisema hapana, na serikali iliwatafutia pa kulala. Wengine kaburini. Masinde, wodini kwa wagonjwa wa akili. Kisha kisiwani. Lugha nzima ya ukoloni ilikuwa imejaa maneno ya kuuliza: mabaraza, mikutano, chifu akisimama kutangaza na kungoja watu waitikie. Lakini ndiyo ilikuwa imeandaliwa kiti, na hapana imeandaliwa risasi. Ukiulizwa hivyo, hujaulizwa.

Nami naona kinaya kingine. Masinde alitaka watu wasiiache mila. Kwa kuishikilia, alipelekwa Lamu, mji wa watu wanaosema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Sijui kama aliisikia methali hiyo barazani. Angeisikia, nadhani angeongeza neno: kwamba mshika mila naye anaweza kufungwa pingu.

Ningependa kusema kwamba uhuru wa 1963 uliyamaliza haya. Haukuyamaliza. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru, yenye bendera yake, iliipiga marufuku Dini ya Msambwa kwa mara nyingine, na Masinde akaendelea kuonja jela hadi uzeeni. Alifariki 1987. Sisemi kwamba kila alilolisema lilikuwa sawa, na wapo wazee wa Malakisi wasiompenda hadi leo. Nasema tu kwamba serikali mbili, moja ya wageni na moja ya wenyeji, zilishindwa mtihani ule ule. Nilipomaliza kuyaandika hayo katika daftari langu, nikiwa nimejaa hasira ya mwanafunzi, nilikumbuka wimbo tuliomtungia ndugu yangu. Kalamu ikasimama. Kijiji changu nacho kilikuwa kimeukalia mtihani huo.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka methali zetu mbili ndani ya jalada moja. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake, kisha kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayemlazimisha mwingine kufuata au kufanyiwa jambo lolote la kimila. Mwacha mila, hiari. Hata serikali ilipoanza kampeni ya tohara ya kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi mwaka 2008, hasa Nyanza ambako Waluo kwa desturi hawatahiri, iliipa jina la tohara ya hiari, na anayekwenda hutia sahihi fomu ya ridhaa. Lakini katika kaunti zetu, kila mwaka wa jando, husikika habari za wanaume wazima, mara nyingi wa makabila mengine, waliokamatwa na makundi ya vijana wakatahiriwa kwa nguvu huku umati ukishangilia. Vijana hao husema wanailinda mila. Hawajui wanaiua. Mila yenyewe inamtaka mvulana aulizwe mara tatu; wao hawakuuliza hata mara moja.

Na wangekumbuka hadithi, wangeona haya. Sisi tunasimulia kwamba tohara yetu ilianza kwa mtu mmoja, Mango. Nyoka mkubwa alikuwa akiwamaliza watu na mifugo. Mango akamwendea pangoni peke yake, akamwua, kisha majirani zetu, ambao sisi huwaita Barwa, wakamtahiri kwa kuwa alikuwa amethibitisha kwamba anastahili. Iwe kweli au ngano, tazama ilivyojengwa. Jambo ambalo leo tunaliita la mababu na lisiloguswa lilianza na mtu aliyefanya kile ambacho baba yake hakukifanya, tena alikichukua kwa jirani. Mango alikuwa mwacha mila kabla ya kuwa mwanzilishi wa mila. Kama kijiji chake kingekuwa na vijana kama sisi wa 2016, kingemtungia wimbo.

Malakisi ni mahali pazuri pa kujifunza hili, kwa sababu hapa hakuna anayeweza kudhani kwamba dunia nzima inaishi kama yeye. Upande mmoja tuna Wateso, ambao kwa desturi yao ya asili mwanamume huwa mwanamume bila kisu. Mlimani wako Wasabaot wenye jando lao. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wako Wagisu, ndugu zetu, ambao nao hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili kama sisi. Ni mkoloni tu aliyehamisha mpaka mwaka 1902 akatuweka katika nchi tofauti. Hata mto wetu una akili yake. Mito mingi ya magharibi mwa Kenya, Nzoia ikiwamo, humimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Maji ya Malakisi hushuka kutoka Mlima Elgon, yakavuka kuingia Uganda na kuelekea Ziwa Kyoga. Mtoto anayechota maji hapa anakua akijua kwamba jirani huenda njia nyingine na bado anafika. Nadhani mbegu ya kwanza ya uhuru si vita wala kitabu. Ni kumwona mtoto wa jirani akila tofauti, akiomba tofauti, na mvua ikimnyeshea vilevile.

Sitaki nieleweke vibaya na wazee wangu. Simwambii mtu aache jando. Ningezaliwa mara ya pili ningesimama tena pale pale, na naona huruma kwa mvulana wa mjini ambaye siku moja anajikuta mtu mzima bila mtu yeyote kumwambia kwamba amefika. Mila ilinipa kitu ambacho katiba haiwezi kunipa: watu mia mbili waliokesha kwa ajili yangu. Ninachosema ni kidogo zaidi, na pengine ni kigumu zaidi. Swali la babu ni hazina. Ni kati ya mambo ya heshima kubwa ambayo mzee anaweza kumfanyia mtoto. Lakini swali huwa swali pale tu ambapo majibu yote mawili yana pa kukaa. Hapana isipokuwa na pa kulala, ndiyo nayo haina thamani. Inakuwa mwangwi.

Agosti 2024 ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Nilitoka Kitale kwa matatu kupitia Kimilili na Chwele, nikiwa na shuka mpya ya kumfunika baada ya kisu, kama kaka anavyopaswa. Usiku wa kuamkia siku ya maswali tulilala chumba kimoja. Chinyimba zilikuwa zimening'inizwa msumarini. Nilidhani amelala, kumbe anatazama dari.

"Kaka," akasema. "Nikisema hapana?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na Libet na Oruka na Kifungu cha 44. Nilikuwa pia na sauti ya bibi, ambayo ingeniambia nimkemee. Nikakumbuka swali la darasani, nikaona kwamba safari hii naweza kulijibu, kwa kuwa haliulizi mawazo.

"Utalala kwangu Kitale," nikamwambia. "Kitanda ni kidogo lakini kinatosha wawili. Na shule utaendelea."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akalala kweli, nikasikia pumzi zake.

Kesho yake jioni babu, akishikiliwa mkono na baba, aliuliza kwa sauti iliyokwisha kupasuka. Mara ya kwanza mdogo wangu alijibu. Mara ya pili alijibu. Mara ya tatu alitulia kidogo, akageuza uso akanitafuta kwenye umati, akaniona. Akasema anataka. Wazee wakaguna kama walivyoguna kwangu, na sidhani kama kuna mwingine aliyesikia tofauti. Mimi niliisikia. Ndiyo yake ilikuwa na kitanda upande wa pili.

Asubuhi alisimama wima, na yaliyobaki yakawa furaha. Mitungi ya busaa ikatolewa, watu wakaketi kwa marika yao, mirija ikazungushwa. Bakoki wangu, tuliotahiriwa msimu mmoja, tulikuwa na mtungi wetu chini ya mwembe. Nilikuwa nimeshika mrija nilipomwona ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, amesimama karibu na ua kama kawaida yake, mikono mfukoni, kucha zake nyeusi kwa oili. Alikuwa ametoka Kitale alfajiri ili aje kumwona mdogo wetu.

Niliinuka, nikachukua kigoda changu, nikampelekea. Sikusema neno, la kusema ningelipaswa kulisema miaka minane nyuma. Nikamshika mkono nikamrudisha hadi kwenye mtungi, nikakiweka kigoda mahali nilipokuwa nimekaa, nikampa mrija wangu. Mmoja wa wenzangu aliguna, na guno hilo halikuwa la ukaribisho. Mwingine akageuza mgongo. Babu, kutoka kivulini alipolazwa kwenye kiti chake, alitazama kwa muda, kisha akafumba macho.

Ndugu yangu aliketi polepole, kama mtu asiyeamini miguu ya kigoda. Akanitazama kutoka chini.

"Na wewe utakaa wapi?" akauliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikabaki nimesimama.